Gitaa Lililonyooshwa

Wifi yangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, gitaa la besi mapajani, na nilipoingia hakuinua macho.

"Funga mlango," alisema.

Nikaufunga. Nilikuwa nimekuja na pasi mkononi na blauzi mbili begani ili achague atakayovaa. Ilikuwa Jumamosi, jua limeshapanda, na saa tisa alitakiwa awe jukwaani kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

"Sikiliza hii."

Akapiga. Wimbo ule niliujua. Nilikuwa nimeusikia ukipenya ukutani miezi na miezi, ukianza polepole kama mtu anayepanda ngazi na mzigo kichwani, kisha ukishika kasi. Kilichotoka sasa hakikuwa wimbo. Vidole vilikwenda kwa uhakika uleule wa siku zote, havikusita hata kidogo, lakini sauti ziliruka ovyo, nene mahali pa nyembamba na nyembamba mahali pa nene, kama watu waliohamishwa viti bila kuulizwa.

"Woga huo," nikasema. "Kunywa maji kwanza, upumue."

"Si woga, wifi. Kaka yako amelinyoosha gitaa."

Ili jambo hili lieleweke, inabidi nieleze mikono yake. Wifi yangu ni mashoto. Kazini wanamwita hivyo hivyo, Mashoto, na anaitika. Kazi yake ni kufuma sweta za shule kwa mashine, katika chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja, ambamo mashine saba husukumwa huku na huko kutwa nzima. Kila sweta lina chati yake: karatasi yenye mistari na namba, inayomwambia mfumaji sindano ipi ifanye nini. Ameisoma mistari hiyo tangu hajaolewa. Sweta la kijani, la buluu, jekundu lenye ukanda shingoni. Watoto wa mji mzima wamepita mikononi mwake bila yeye kuwaona uso.

Gitaa lilikuwa la mwanawe mkubwa. Alilitaka kwa kilio, akalipiga muhula mmoja, akaenda zake masomoni na kuliacha nyuma ya kabati. Mdogo naye alipoondoka, nyumba ikawa na ukimya ule wa friji kuzima usiku: hujui ulikuwa unasikia kitu mpaka kinyamaze. Siku moja wifi alilivuta gitaa ili afagie, na ndani ya mfuko wake akakuta karatasi. Zilikuwa nyimbo za roki zilizoandikwa kwa namna ambayo wapiga magitaa huiita tablecha. Hakuna vile vichwa vyeusi vyenye mikia wanavyovisoma wanakwaya. Kuna mistari minne tu, kila mmoja ni uzi wa gitaa, na juu ya mistari kuna namba. Namba inakuambia ubonyeze freti ya ngapi, yaani ukihesabu vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa. Basi.

"Hii ni chati ya sweta," alisema, akakaa chini na ufagio kando.

Akalishika gitaa kwa namna mikono yake ilivyotaka, shingo ikaelekea kulia badala ya kushoto. Hakujua kwamba mashoto anayeligeuza gitaa hivyo hutakiwa pia abadilishe nyuzi. Hakuna aliyemwambia. Kwa hiyo uzi mnene, ambao kwa wapigaji wengine hukaa juu karibu na kidevu, kwake ulikaa chini kabisa, na mwembamba ukawa juu. Na kwenye tablecha, ajabu ni kwamba imeandikwa vivyo hivyo: mstari wa chini ndio uzi mnene, wa juu ndio mwembamba. Wanafunzi wengine huvunjika moyo kwa sababu karatasi inawapindulia gitaa lao. Wifi alitazama karatasi, akatazama mapaja yake, akaona kitu kimoja.

Karatasi hizo zina kasoro moja: zinakuambia wapi, hazikuambii lini. Hilo alikwenda kulitafuta kwa kinyozi. Nyuma ya duka lake la kunyolea, hatua chache kutoka kwenye mashine za sweta, kulikuwa na chumba cha ngoma, na jioni kinyozi mwenyewe alipiga humo na fundi umeme mmoja mwenye gitaa na dada wa duka la dawa anayeimba kama anagombana na mtu. Mpiga besi wao alikuwa amehamia mbali kikazi. Wifi aliposimama mlangoni na gitaa lake lililogeuka, kinyozi alicheka mpaka akaweka fimbo za ngoma chini.

"Dada yangu, hilo ni gitaa au unatwanga?"

"Anza kupiga, tuone nani atatwangwa."

Hakucheka tena baada ya hapo. Alimpa nyimbo tatu na tarehe: maonyesho ya kufunga mwaka katika chuo cha ufundi. Ila kinyozi si mtu wa kuzunguka mbuyu. "Ukitoka salama, nafasi ni yako. Ukikwama, yupo fundi saa mmoja kila siku ananiuliza. Ana gitaa lake, na linang'aa."

Kaka yangu ndiye aliyekuwa mlima. Ni fundi friji, mtu mwema, mwenye ulimi wa wembe. "Mama mzima na muziki wa kuvunja vyombo!" alisema mbele ya wageni. "Wenzako wanafuma vitambaa vya kochi." Wifi alianza tu kupiga wakati kaka hayupo, na mlio wa gari lake ulipofika langoni gitaa lilirudi nyuma ya kabati. Nyumba ile niliijua. Kwangu na kwao kunatenganishwa na ukuta mmoja tu. Nikawa najua kaka karudi kwa jinsi wimbo ulivyokatika.

Sijui nini kilimgeuza. Labda mteja alimsifia mkewe. Labda alifika siku moja kwa miguu, akasikiliza nje. Ninachojua ni kwamba Alhamisi gitaa lilitoweka nyuma ya kabati, na Ijumaa jioni kaka aliliingiza sebuleni kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Lilikuwa na nyuzi mpya. Alikuwa ametazama video, akajifunza kwamba mashoto hupangiwa nyuzi upya, nene juu, nyembamba chini. Alikuwa amepanua kwa tupa ile mifereji midogo ambamo nyuzi hupita kwenye ncha ya shingo. Kazi safi ya fundi.

"Lilikuwa limepinduka muda wote huo, mama watoto," alimwambia. "Nimekucheka vya kutosha mimi. Sitaki na wao wakucheke."

Wifi akasema asante. Akasema mara mbili. Na usiku huo hakulala vizuri.

"Mwambie," nikasema sasa, nikiwa bado nimeshika pasi.

"Nimwambie nini? Mwaka mzima nangoja neno moja jema kutoka kwa huyu mtu. Limekuja. Nimtemee mate?"

"Basi pindua karatasi. Zisome juu chini."

Alinitazama kwa huruma. "Nikipindua karatasi, wifi, wimbo unaanzia mwisho."

"Si umeshazikariri?"

"Mikono ndiyo imekariri. Mimi sijui kitu. Ukiniuliza wimbo wa tatu unakwendaje, sijui. Nautazama mkono unavyokwenda." Akaupiga tena mstari wa kwanza, polepole, akiulazimisha mkono uende juu pale ulipotaka kwenda chini. Akafika katikati. Mkono ukamponyoka, ukarudi kwenye njia yake ya zamani, na sauti mbaya ikajaa chumbani. Akaweka kiganja juu ya nyuzi kuzinyamazisha.

Mlango ukagongwa na kufunguliwa kwa pamoja, ndivyo kaka anavyobisha hodi.

"Mbona kimya? Nimeshanyoosha shati." Alikuwa amevaa shati jeupe ambalo nililiona mara ya mwisho kwenye harusi. "Nimewaambia na mafundi wenzangu waje. Hebu nipigie kidogo, nami nijidai."

Wifi alinitazama. Mimi nikatazama pasi.

"Kidogo tu," kaka akasema, akakaa kwenye kiti cha nguo, juu ya nguo.

Akampigia. Sijawahi kuona mtu akijiaibisha kwa makusudi namna ile. Hakwenda polepole, hakujaribu kurekebisha. Aliuacha mkono uende njia yake yote, kwa kasi yake yote, na ule uchafu ukatoka kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Kaka alianza kwa kutikisa kichwa kufuata mdundo. Kichwa kikapunguza. Kikasimama.

"Huo ndio wimbo wenyewe?"

"Ndio wimbo. Ila nyuzi haziko nilikoziacha."

Akamweleza. Kwa maneno machache, huku akimwonyesha karatasi na gitaa, mstari wa chini na uzi wa chini. Kaka ni fundi. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Nilimwona akielewa. Uso wake ulijifunga kama mlango wa friji, taratibu, kisha kwa mvuto wa ghafla.

"Kwa hiyo jana ulinishukuru uongo."

"Nilishukuru mkono. Sikushukuru kazi."

"Ungesema jana! Jana maduka yalikuwa wazi. Yule muuza vyombo vya muziki Jumamosi hafungui. Sasa nifanye nini mimi, nikae kule mbele na watu wangu nikuangalie unaanguka?"

"Ningesema jana, ungelirudisha nyuma ya kabati."

Kaka alisimama, akatoka. Tulimsikia akipita sebuleni, tukasikia mlango wa nje. Wifi akalilaza gitaa kitandani kwa upole, akaanza kuvua hereni alizokwishavaa. Ya kwanza akaiweka juu ya mto. Kuna wakati unaona kitu cha mtu kinazama na huna hata kamba ya maneno ya kumrushia.

Mlango wa nje ukafunguka tena. Kaka aliingia na sanduku lake la vifaa, akaliweka sakafuni kwa kishindo.

"Sogea," akasema. "Dada, shika hapa."

Akalegeza kigingi cha kwanza, kile kinachozungushiwa uzi ili ukazwe. Mikono yake ilifanya haraka lakini si kwa papara. Uzi mnene ukalia kama bawaba kuukuu alipouvuta, nami nikafumba macho nikingoja ukatike. Haukukatika. Aliuhamishia chini, mahali pake pa zamani. Unaofuata akauhamisha pia. Wa tatu ukawa mfupi kidogo, ukazunguka kigingi mara moja tu, ukashika. Lakini mfereji wake ulikuwa umeshapanuliwa kwa tupa, na uzi ulipopigwa ulicheza ndani na kutoa mlio wa nzi kwenye chupa.

"Karatasi," kaka akasema, bila kuinua kichwa.

Wifi akachana kona tupu ya wimbo wa kwanza. Kaka akaikunja mara tatu, akaisukuma chini ya uzi kwa ncha ya bisibisi. Nzi akanyamaza.

Ukabaki mwembamba. Juu, kwenye kigingi cha mbali kabisa. Kaka aliuvuta, akaunyoosha, akauvuta tena. Ulikuwa umekatwa kwa kipimo cha kigingi cha karibu. Ulifika kwenye kigingi cha mbali kama mtoto anavyofika kwenye rafu: kwa ncha za vidole, bila kushika.

"Ule wa zamani uko wapi?" nikauliza.

Kaka alijikuna shingo. "Zile za zamani... ule mnene nimefungia ekzosi ya gari."

"Na mwembamba?"

"Mwembamba nilizibulia tundu la maji la friji ya mteja. Unafaa sana kwa hiyo kazi, unapinda lakini haukatiki."

"Upo?"

"Umo ndani ya friji. Ulinasa."

Wifi aliangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyechoka kulia, na hakikudumu. Kilipokwisha alilichukua gitaa lenye nyuzi tatu, akaupiga wimbo wa kwanza. Ulitoka. Ukapanda ngazi zake na mzigo wake, ukashika kasi, nami nikahisi mgongo wangu ukilegea. Wa pili ukatoka. Wa tatu ukafika katikati, pale unapopanda, na mkono ukaenda juu kuutafuta uzi wa nne. Ukagusa mbao.

"Namba ngapi pale?" kaka akauliza.

"Mstari wa juu. Mbili, kisha nne. Mara tatu wimbo mzima."

"Ziruke."

"Hapo ndipo wote wananyamaza. Ngoma, gitaa, dada wa duka la dawa. Inabaki besi peke yake."

Muda ulikuwa umekwenda. Kaka akatazama saa, akainua sanduku lake, akaliweka tena chini bila sababu. Wifi alikuwa ameinamia karatasi. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anaangalia kwa jicho la kazini.

"Mashine ikivunjika sindano," alisema polepole, "hatuachi sweta. Tunaihamisha kazi nzima pembeni, sindano kadhaa kushoto au kulia. Ua linatoka lilelile, mahali pengine." Akabonyeza uzi wa tatu kwenye freti ya tano. "Kinyozi alinifundisha kulinganisha sauti hivi. Ukibonyeza ya tano hapa, inatoka sauti ya uzi wa nne ukiwa wazi. Mimi nilidhani ni ya kulinganishia tu."

"Kwa hiyo mbili ni saba," kaka akasema.

"Na nne ni tisa."

Alipiga. Saba, tisa. Sauti ikatoka ileile, labda nene zaidi kidogo, kama mtu yuleyule anayeongea toka chumba cha ndani. Wifi aliduwaa. Mwaka mzima alikuwa ameamini namba ndiyo wimbo. Namba ilikuwa anwani tu, na mwenyeji angeweza kukutwa kwa jirani.

Lakini mkono wake haukuwahi kwenda kule juu ya shingo. Mara ya kwanza alipojaribu kwa kasi alitua sita. Mara ya pili nane. Hatukuwa na mara nyingine, ilibidi tuondoke.

Garini alikaa katikati yetu na gitaa wima kati ya magoti. Kaka aliendesha akihesabu kwa sauti, "moja na mbili na... saba! tisa!" na kila alipofika kwenye saba mkono wa wifi uliruka. Ekzosi ilinguruma chini yetu, imefungwa na uzi wake wa zamani. Alikosa karibu na taa za barabarani. Akapata. Akakosa tena langoni mwa chuo.

Ukumbi ulijaa viti vya plastiki na watu wenye ovaroli safi. Fundi saa tulimwona mara moja: mstari wa mbele, mfuko wa gitaa magotini, zipu imefunguliwa nusu. Kinyozi, shati limemganda kwa jasho, alilitazama gitaa la wifi, akahesabu nyuzi, akamtazama yeye.

"Dada."

"Usiniulize sasa."

Akamgeukia fundi saa, kisha wifi tena. Nikaona anavyopima. Akapanda kwenye ngoma zake.

Wimbo wa kwanza ulipita. Wa pili ulipita pia, ingawa mwishoni wifi alichelewa kidogo na fundi umeme akageuza kichwa. Kaka, pembeni yangu, alikuwa ameshika ukingo wa kiti changu badala ya chake. Mafundi wenzake walimwambia jambo, hakuwasikia.

Wa tatu. Dada wa duka la dawa aligombana na hewa mpaka mishipa ikamsimama, kisha akanyamaza. Ngoma zikanyamaza. Gitaa likanyamaza. Ukumbi wote ukabaki na mwanamke mmoja mwenye blauzi ambayo hatukupata muda wa kuipiga pasi. Midomo ya kaka ikasema bila sauti: saba, tisa.

Mkono uliruka. Ukatua.

Sauti ile nene ya chumba cha ndani ilijaa ukumbini, nikaihisi kwenye miguu ya kiti kabla ya masikioni. Mara ya pili ikaja safi vilevile. Mara ya tatu alitua nane. Nilisikia, na kaka alisikia, kwa sababu kiti changu kilitingishika. Wifi hakulikimbia lile kosa. Aliuburuta mkono kutoka nane mpaka tisa bila kuunyanyua, sauti ikapanda kama mtu anayeinua nyusi, na ngoma zikaingia hapohapo.

Watu walipokuwa bado wanapiga makofi niliona fundi saa akifunga zipu ya mfuko wake.

Kinyozi, akijifuta kwa taulo la dukani kwake, alimkuta wifi nyuma ya jukwaa. "Ile ya mwisho uliyoiburuta, umeitoa wapi?"

"Nilikosea."

"Ukosee hivyo hivyo kila mara. Na uzi wa nne uko wapi?"

"Kwenye friji ya mtu."

"Jumatano mazoezi," kinyozi akasema. "Uje nao, ukiwa umeganda au haujaganda."

Tulirudi taratibu. Kaka hakuhesabu tena. Karibu na nyumbani, akiwa ameangalia barabara, aliuliza, "Kwa hiyo mimi nisiliguse tena."

Wifi alikuwa anaitoa ile karatasi iliyokunjwa chini ya uzi wa tatu. Aliikunjua, akaona haina kitu, akairudisha mahali pake kwa ukucha.

"Uliguse," alisema. "Ila uniulize kwanza limekaaje."

Kaka akaitikia kwa kichwa. Walipoingia ndani sikuwafuata. Nilikaa kwangu, na baada ya muda, gari likiwa langoni waziwazi, nikasikia besi ikianza upande wa pili wa ukuta. Nilingoja ikatike, haikukatika. Nimeizoea sana ile hali ya kungoja, na hata leo, ikianza, bado nangoja.